Kuku wa Mtani

Sikutaka kwenda. Ninalisema hilo mwanzoni kabisa, kwa sababu wazee wanaoandika habari zao hupenda kuanza wakiwa wamevaa kanzu safi. Athumani, mjukuu wa Mwanaidi, alifika nyumbani kwangu Morogoro asubuhi, vumbi la njia ya Mkuyuni limempanda mpaka kwenye nyusi. Akanipa shikamoo, akakataa kiti, akasema, "Babu, Bibi ametutoka. Tunazika kesho adhuhuri. Ameacha neno kwamba wewe usikose." Nikasema inna lillahi, nikamwuliza kama aliumwa siku nyingi. Akasema ndiyo, siku nyingi. Kisha akatoa lile hasa alilotumwa: "Amesema mtani aje aseme habari ya Kibwana, ili jina lipate mtu. Eti wewe utaelewa." Nilielewa vizuri sana. Kibwana alikuwa kaka yake Mwanaidi, na ni mwaka wa hamsini sasa ninaelewa, na sikuwahi kupanda tena mlima kwenda kusema.

Mjukuu wangu Zaituni alikuwa mkekani pale pale na daftari lake la Kiingereza. Mwalimu wao amewapa sentensi kumi za kugeuza. Ya kwanza: Mtumishi amevunja chungu. Wao wanatakiwa chungu kitangulie, kiwe kimevunjwa. Athumani alipokwenda kunawa nikamwuliza mtoto, kwa kutaka tu kusikia sauti nyingine, "Na huyo mtumishi anakwenda wapi?" Akanijibu kama anayemfundisha mtoto mdogo, "Unaweza kumtaja mwishoni, Babu, au ukamwacha tu. Ukimwacha hupunguziwi maksi." Nusura nilipige daftari hilo likaruke nje. Masikini, kosa si lake. Waingereza wanahitaji maneno mawili matatu kumficha mtu. Sisi tunatia herufi moja katikati ya neno na mtu ametoweka. Jambo hilo nililijua kabla mama yake Zaituni hajazaliwa, na nililisoma kwa mwalimu aliyekuwa bora kuliko wa kwake.

Mwaka ninaousema ni ule reli ilipokuwa ikitoka pwani kuja Morogoro. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimezimwa juzi tu, na watu walikuwa bado wanazungumza huku wakitazama nyuma. Nilikuwa na miaka kama ishirini, mashati mawili na mwandiko mzuri. Kituo chetu kilikuwa kidogo, upande wa Kingolwira, kimewekwa kwa ajili ya kazi ya tuta la reli. Leo ukienda huoni hata msingi. Ofisi ilikuwa chumba kimoja cha udongo kilichoezekwa mabati. Kulikuwa na meza ya Bwana Shauri, yule Mdachi aliyetuhukumu, imetandikwa kitambaa cha kijani, na meza ya karani mkuu, Bwana Hemedi, ambayo mguu wake mmoja ulifungwa kwa kamba. Mimi sikuwa na meza. Niliandikia juu ya sanduku la misumari ya reli, magoti yamekunjwa mpaka kidevuni. Jua la saa sita likishika bati, wino ulikauka kalamuni kabla sijamaliza mstari, na jasho likadondoka kwenye karatasi, nami nikaandika upya ukurasa mzima. Hata hivyo nilikuwa na furaha. Nilijiona mtu.

Bwana Hemedi alikuwa mtu wa Tanga, kofia yake nyeupe siku zote, na hakupata kunipigia kelele hata siku moja. Ijumaa mkewe alileta wali wa nazi na samaki mkavu kwenye bakuli lenye mfuniko, naye alinigawia nusu, nusu kweli, si ile ya kumwachia mtu ukoko. Nasema hivi ili nisije nikamfanya yeye kuwa shetani wa habari hii nikapona. Juma langu la kwanza nililetewa shauri dogo niliandike, nami nikaandika kwamba askari Faraji alimpiga jumbe kofi. Bwana Hemedi alisoma, akatia kalamu yake winoni taratibu, akafuta.

"Nani amekuuliza habari za Faraji?"

"Ndiye aliyempiga, Bwana."

"Jumbe alipigwa kofi. Basi, imetosha. Karatasi hii inakwenda mpaka Dar es Salaam, itasomwa na watu usiowajua. Faraji analala nyumba ya tatu kutoka kwako. Umewahi kumwona amekasirika?"

Nikasema bado. Akasema, "Mwombe Mungu usimwone. Na Bwana Shauri ndiyo usimtaje kabisa. Mimi Tanga niliwahi kumtaja mmoja, kwa heshima zote, na ndiyo maana leo nipo hapa nakula vumbi lenu." Akaniambia kwamba Kijerumani nacho kina mlango huo huo wa nyuma, na wenyewe wanaupenda mno. Basi nikajifunza kupitia huko. Mbuzi walichukuliwa. Nyumba ilichomwa moto. Vibarua walipatikana, kama uyoga vile. Niliandika hivyo mwezi baada ya mwezi mpaka nikawa hodari, mpaka Bwana Hemedi akawa haoni cha kufuta. Nikisema nilijua ninachofanya nitakuwa najisifu. Nilikuwa naona raha ya kazi iliyonyooka.

Kibwana aliletwa na kundi la watu wa vitongoji vya juu ya Mkuyuni waje kubeba udongo wa tuta. Nilisimama mlangoni na karatasi yangu, ninaita majina kwa sauti ya kikarani, na huko nyuma mtu akapiga kofi paji la uso. "Loo! Kumbe ni huyu? Jamani tumekwisha! Hawa ukoo wao hawajui kuhesabu. Babu yake alioa mke mmoja akajenga nyumba mbili!" Watu walicheka, na askari mmoja pia akacheka. Ukoo wake na wangu ni watani tangu huko kusikojulikana, na mtani ukimwacha bila kumjibu umemtukana kuliko tusi lenyewe. Nikamjibu papo hapo, "Na babu yako alikufa njaa amekalia gunia la maharage, hakujua linafunguliwa upande gani." Akafurahi kweli kweli. Alikuwa na pengo la meno ya mbele, na akicheka ulimi ulichungulia hapo.

Tangu siku hiyo akawa anakula kwangu. Kazi ikifungwa alikuja na udongo wake miguuni, akakaa kitandani pangu bila kuulizwa, akanyanyua mfuniko wa chungu kutazama kuna nini. Chumba changu kilikuwa nyuma ya nyumba ya mjane mmoja, na ukuta ulikuwa wa fito na matope, kiasi kwamba mjane aliyasikia matusi yetu yote na kutuchangia yake kutoka upande wa pili. Kila baada ya majuma mawili Mwanaidi, dada yake, aliteremka na kapu la maharage na mkungu wa ndizi za kupika kichwani, binti yake mchanga mgongoni. Alikuwa mrefu, hana maneno mengi. Alinipokonya ugali mkononi kama watani wafanyavyo, akaula mbele ya macho yangu huku ananitazama. "Karani," aliniuliza siku moja, "hayo unayoandika ni mambo gani?" Nikamwambia ni mambo yanayotokea. Akasema, "Yanatokea yenyewe?" Kibwana akacheka. Mimi nikaona ni swali la mtu asiyesoma.

Mvua za vuli zikaja. Kutoka kwenye tuta uliona mawingu yamelala juu ya milima, na watu wa juu wote walikuwa wanafanya kazi shingo zimegeuka. Kibwana alikuja ofisini kuomba siku mbili akapande maharage yake. Bwana Hemedi akamwambia ruhusa haijatolewa. Akauliza ni nani asiyeitoa ili akamwombe. Bwana Hemedi akarudia kwamba ruhusa haijatolewa, na mimi kwenye sanduku langu sikuinua macho. Kesho yake hakuwepo. Walimkamata siku ya tano, yuko shambani kwake, mbegu zimeshaingia ardhini, na walipomleta alikuwa amefungwa mikono lakini sura imetulia. Aliponiona akasema, "Mtani, nimepanda. Waache sasa wafanye wapendavyo." Bwana Shauri alimhukumu hamsa ishirini, viboko ishirini na tano, na shauri zima halikuchukua muda wa mtu kunywa kikombe cha kahawa.

Kwa kawaida Bwana Hemedi ndiye aliyehesabu. Bwana Shauri alitaka viboko vihesabiwe na karani, kwa sauti, ili hesabu ya kwenye karatasi iwe ndiyo ile ya uwanjani, askari hakuaminiwa. Lakini asubuhi ile mguu wa Bwana Hemedi ulikuwa umevimba, hawezi kusimama, akaniambia niende mimi. Sijui kama mguu ulimwuma kweli. Kibwana alilazwa kifudifudi juu ya benchi kati ya ofisi na ghala, watu wa tuta wamepangwa waone. Faraji alishika kiboko. Bwana Shauri alikaa kivulini kwenye kiti chake cha kukunja. Nami nikaanza: moja, mbili, tatu. Nilikazia macho kifungo cha koti la Faraji nisione kitu kingine. Nilijiambia kwamba nikihesabu upesi yatakwisha upesi, lakini kiboko kina mwendo wake, hakimfuati karani.

Nilifika kumi na saba. Hilo nalijua sasa, siku ile ndilo nililolipoteza. Kibwana akainua kichwa, uso umejaa jasho na udongo, akanitafuta kwa macho mpaka akanipata, akasema, sauti inatoka kwa shida lakini inatoka, "Mtani! Hesabu vizuri, usije ukanipa na za babu yako!"

Nikacheka. Si kicheko cha kufurahi, wala si cha kejeli. Ni kile kinachomtoka mtu mtani wake anapompata, kabla hajakizuia. Nikasema, "Za babu yangu alizimaliza babu yako." Kinywa kilijibu chenyewe. Walioko mstarini walicheka, na naapa Kibwana naye alicheka, lile pengo nililiona. Alinitania ili apate cha kushikilia, nami nilimpa. Kisha Bwana Shauri akasema kutoka kivulini, kwa Kiswahili chake kilichovunjika, "Karani. Ngapi?"

Sikujua. Nilitafuta kichwani nikakuta patupu. Faraji mwenyewe alisema, "Kumi na saba, Bwana," na Bwana Shauri akamjibu kwamba askari si karani. Akaniuliza tena. Ningeweza kusema ishirini na nne. Ningeweza kusema ishirini na tano imekwisha, Bwana, na nani angebisha? Watu wale wote wangeapa pamoja nami. Kila nikikaa peke yangu huwa nazisema hesabu hizo, kubwa kubwa, na kila mara zinaaminiwa. Lakini siku ile nilikuwa kijana wa mwandiko mzuri na sikutaka kusema uongo kazini. Nikasema, "Nimepotewa, Bwana." Akapunga mkono kama anayefukuza nzi. "Anza moja."

Nikaanza moja. Mara ya pili sikukosea.

Tulimbeba mpaka chumbani kwangu, akalala kifudifudi kitandani pangu siku mbili. Mjane alimpikia uji wa mtama akawa anamnywesha kwa kijiko cha mti, na majani aliyoyaponda akayaweka mgongoni yalikauka upesi na kushika, ikawa kuyabandua ni mateso mengine. Siku ya kwanza bado alitania. "Kitanda chako kina kunguni, mtani. Ndugu zako hawa, wamekuja kunisalimu." Sikumjibu. Akangoja, kisha akasema polepole, "Nijibu, bwana we." Nilikuwa nimekaa chini, mgongo ukutani, nimeshika mfuniko wa chungu. Siku ya pili homa ilimpanda akawa anaongea na watu wa kwao, anawauliza kama maharage yameota. Siku ya tatu, jua limekwisha toka na watu wameshakwenda kwenye tuta, alikata roho. Tulimzika alasiri ile ile, watu wanne na mwalimu wa Kurani, mahali ambapo sasa pamelimwa. Mwanaidi hakujua lolote. Alikuwa mlimani anapalilia.

Jioni Bwana Hemedi aliniambia niandike. Nikachukua kalamu na mwandiko ulitoka mzuri kama siku zote, jambo ninalolichukia mpaka leo. Niliandika: Kibarua alitoroka kazini, akakamatwa, akahukumiwa, akaadhibiwa kama ilivyoamriwa. Baadaye alishikwa na homa, akafariki, akazikwa. Bwana Hemedi aliisoma mara mbili, akatafuta kitu cha kufuta, hakukipata. "Nzuri," alisema, na macho yake hayakunitazama. Bwana Shauri naye aliipenda. Mwezi haukuisha nikatengenezewa meza yangu mwenyewe kwa mbao zilizobaki kwenye daraja, miguu minne mizima, na nilipoikalia mara ya kwanza niliinuka nikarudi kwenye sanduku langu. Kesho yake nikaikalia tena.

Sasa ndipo penye jambo lenyewe. Huko kwao mtu akifia mbali, asizikwe na watu wake, mtani ndiye husimama siku ya kuondoa matanga akasema alivyokufa. Ndugu hawasemi, wana uchungu na maneno yao huzaa ugomvi. Mtani ana ruhusa ya kusema chochote mbele ya yeyote. Anamtaja aliyetenda, awe mkubwa awe mdogo, hata akiwa ni yeye mwenyewe. Akimaliza anapewa kuku, na jina la marehemu linavikwa mtoto wa dada yake, marehemu anakuwa amerudi nyumbani. Mtani asiposema, jina linakaa nje. Hakuna mtoto wa kulichukua, wala hakuna wa kulitamka kwa kumwita mtu aje kula. Kwa hiyo baada ya mavuno nilitumiwa ujumbe, na nisingeweza kukataa. Bwana Hemedi aliponipa ruhusa alinifuata mpaka mlangoni kwa mguu wake ule mbovu. "Sema kama tulivyoandika," alisema. "Huko kuna majumbe, na majumbe wana masikio. Mwaka jana tu watu wamenyongwa kwa maneno machache kuliko hayo."

Nilipanda. Njia nzima nilikuwa ninasema mwenyewe, kwa sauti, kama mtoto anayekariri: Faraji alimpiga, Bwana Shauri aliamuru, mimi nilihesabu, nilicheka, nikapotewa, nikaanza moja. Nilipofika walinipa maji ya kunawa na ndizi zilizopikwa kwa maharage, maharage yale yale, mapya. Yalikuwa yameota vizuri mno. Nilichagua ndizi, maharage nikayaacha. Mjomba wa Mwanaidi alikaa mlangoni. Mwana mkubwa wa Mwanaidi alikuwa ameshanyolewa na kuketishwa kwenye mkeka mpya, anangoja jina la mjomba wake. Pembeni kidogo, chini ya upenu, alikaa jumbe na kofia yake ya serikali. Mjomba akasema, "Mtani, tupe habari." Nikasimama nikamwona jumbe, na yote niliyokariri yakaniacha. Nikawapa karatasi. Nilisema, "Alikamatwa. Akahukumiwa. Akaadhibiwa. Akashikwa na homa, akazikwa."

Mwanaidi alikuwa amekaa kati ya wanawake, akasimama. "Na nani?"

Nikasema, "Na serikali."

"Serikali ina mikono mingapi, mtani?"

Mimi, ambaye mtani hakuwahi kunipata nikiwa sina jibu! Mwanaidi alinitazama, wala si kwa hasira, ningefurahi ingekuwa hasira. Kisha akamwendea mwanawe, akamshika mkono, akamwinua mkekani, akaukunja mkeka. "Hajasema," akamwambia mjomba. "Jina linakaa." Hapakuwa na aliyenisindikiza. Kuku alikuwa amefungwa miguu karibu na jiko, mwekundu, nilimpita nikishuka.

Mwanaidi hakuniteremkia tena na kapu lake. Vita vya Wadachi na Waingereza vilipokuja, yule mwanawe alichukuliwa kubeba mizigo, hakurudi, na alikwenda na jina lake la utotoni tu. Bwana Hemedi alikwenda zake pwani. Waingereza walinikuta na meza yangu, wakanibakiza, nikawaandikia na wao, maana kazi ni ile ile. Mara mbili tatu katika miaka hiyo nilifika Mkuyuni sokoni nikamwona kwa mbali, amekaa nyuma ya maharage yake, na kila mara nilikumbuka haja ya haraka iliyonirudisha Morogoro. Yeye aliniona pia. Hakuniita. Mtani haitwi aseme mara mbili. Sharti aje mwenyewe. Mpaka mauti yalipomfika ndipo akaivunja desturi hiyo, akaniita kwa kinywa cha mjukuu.

Basi nilikwenda, mzee mzima, Athumani ananishika mkono kwenye vilima. Tulikuta watani vijana, wajukuu wa ndugu zangu, wamelaza jembe mbele ya jeneza, wanacheka, wanadai wapewe haki yao kwanza. Nikaomba nisimame. Nikasema nimekuja kusema alivyokufa Kibwana, kaka wa marehemu. Vijana wakatazamana, jina hilo hawakulijua. Nikasema, "Faraji alimpiga. Bwana Shauri aliamuru. Aliyehesabu ni mimi." Nikaendelea, sikuacha kitu, nikafika kumi na saba. Nikasema jinsi Kibwana alivyoinua kichwa na alichoniambia. Usije ukanipa na za babu yako.

Walipasuka kwa kicheko. Msiba mzima, wanaume na wanawake. Kijana mmoja alishika tumbo akaketi juu ya udongo wa kaburi. Sikuwalaumu, maneno yenyewe yanachekesha. Nikangoja wanyamaze. Nikasema, "Na mimi nilicheka," wakazidi. "Mzee huyu hatari!" mmoja alisema. "Sikilizeni, sijamaliza," nikasema. "Walianza upya. Mimi ndiye niliyeanza upya." Hawakusikia. Shehe alitazama jua, akasema kwa upole, "Jamani, mpeni mtani kuku wake, tumsitiri mama." Athumani akaja mbio na kuku aliyefungwa miguu, akamtia kwapani mwangu, akanipigapiga bega. "Umesema vizuri sana, Babu." Nikamwambia bado. "Umemaliza, Babu. Kaa kivulini." Wakaondoa jembe, wakamshusha Mwanaidi.

Tukirudi nilimwuliza Athumani habari ya jina. Yeye ndiye aliyebaki wa kulichukua, nami nilikuwa nimesema, hata kama nusu. Akacheka kidogo, kwa adabu. "Jina ninalo, Babu. Nafanya kazi reli, limeandikwa huko tangu nilipoajiriwa. Nikileta jingine nitaulizwa maswali." Nikamwambia kweli, yaliyoandikwa yameandikwa. Hakujua ni tuta la nani linalobeba mshahara wake, nami nilikuwa nimechoka.

Zaituni alifurahi kumwona kuku. "Umepewa, Babu?" Nikasema nilimchukua. Jumapili nilimchinja kwa mkono wangu, yeye akampika kwa nazi. Miaka hamsini Mwanaidi alininyima kuku huyo, na alikuwa na haki. Kuku alikuwa mtamu, nisiseme uongo. Nilimla mpaka nikaisafisha mifupa.